Mtungi wa Mabukwe

Buzebazeba, Kigoma
5 Oktoba 1997

Mdogo wangu Révérienne,

Shikamoo yako nimeipokea, na marahaba nimeitikia kwa sauti humu chumbani peke yangu, ingawa nimekuzidi miaka minne tu na hunitendei haki kunizeesha. Barua yako Feliksi, dereva wetu wa lori, aliileta Jumatano. Aliiweka chini ya kiti cha lori pamoja na furushi la dagaa, kwa hiyo nimekusoma na kukunusa kwa pamoja.

Nimefurahi mno kusikia wamekupa kazi ya kutia dawa ya maji pale bombani. Mwingine angesema ni bahati, mimi nasema walikuona. Nakumbuka mwaka jana pale ufukweni Bangwe, mlipoteremka kwenye maboti kutoka Rumonge. Watu wamejaa mchangani, wengine wamelala pale pale walipoangukia, na mimi nazunguka na ndoo yangu ya maji yenye dawa kama muuza togwa aliyekosa wateja. Nilikupa kikombe. Midomo yako ilikuwa imepasuka kwa kiu, lakini ulikishika tu ukanikazia macho, mpaka nikaona haya, nikakichukua nikanywa funda moja. Ndipo na wewe ukakimaliza chote. Nilidhani unanikaribisha! Nikarudi ofisini nikawasimulia wenzangu kwamba Warundi wana adabu ya ajabu, mtu amekauka koo na bado anamkaribisha mwenye maji yake. Tangu siku ile nikakupenda.

Mimi nipo, na maabara yangu ya kupima maji ipo. Mvua zimeanza mapema na maji ninayoletewa kutoka ufukweni yananitisha. Nikiyaweka kwenye visahani vya kukuzia vijidudu, kesho yake visahani vina madoa kama mtoto mwenye surua. Nenda kawaambie watu wa huku! Mama mwenye nyumba wangu, Bibi Veneranda, ananicheka. Anasema ziwa ni jeupe, kokoto zinaonekana hata pale mtu mrefu asipofikisha miguu, sasa huo uchafu umejificha wapi? Mimi nimekulia Same, ambako maji yakiwa na vyura tunashukuru kwamba yapo, kwa hiyo sina ujasiri wa kubishana na mtu aliyezaliwa kando ya maji mengi hivi. Kwangu nachemsha, nafunika, nanyamaza.

Niandikie kazi inakwendaje. Msalimie mumeo Sindayigaya, na mama yake umwamkie kwa niaba yangu.

Dada yako,
Asnath Mbwambo

*

Kambini, Kasulu
16 Oktoba 1997

Dada Asnath,

Amahoro, amani iwe kwako. Sisi tu wazima, namshukuru Mungu.

Kazi naipenda. Nafika bombani saa kumi na mbili asubuhi na bomba la sindano lisilo na ncha. Ndoo ya mtu ikijaa naitia dawa kufuatana na ukubwa wake, namwambia asinywe mpaka nusu saa ipite. Wengine wananishukuru. Wengine wakifika mbele kidogo wanamwaga.

Dada, kuna maneno yameenea huku. Wanasema dawa hii inafunga uzazi, eti tumeletewa ili tusizae tena. Na mimi ninayeitia nina mwaka wa tatu kwenye ndoa na sina mtoto. Basi wanawake wakiwa kwenye foleni wananitazama tumbo kabla ya kunitazama uso.

Hayo ya foleni nayavumilia. La nyumbani ndilo limenishinda. Mimi na Sindayigaya tunakunywa maji ya bombani yenye dawa. Lakini mabukwe, ndivyo tunavyomwita mama wa mume, ana mtungi wake wa udongo pembeni mwa kitanda, na mtungi huo ni wake peke yake. Mkwe hanywi humo, ni heshima. Anataka ujazwe maji ya kijito cha bondeni, kwa sababu anasema ya bombani yananuka hospitali. Nilipomwomba niyatie dawa hakunitukana. Alisema tu, "Kwenye mtungi wangu hapana, mpaka nishike mjukuu."

Kijito hicho watu wanafulia, watoto wanajisaidia kando yake. Kuchemsha siwezi kila siku. Kuni ziko mbali, na wanawake wanaozifuata msituni hawarudi wote kama walivyokwenda. Kwa hiyo kila siku, mimi ninayetia dawa ndoo za kijiji kizima, nashuka bondeni kumtekea mama huyu maji machafu kwa mikono yangu mwenyewe.

Na sasa ugonjwa umefika. Wiki iliyopita watu wa kijiji cha pili humu kambini walianza kuhara na kutapika, wamejengewa hema lao peke yao ng'ambo ya barabara. Mabukwe tangu safari ya ziwani amebaki mifupa. Akishikwa jioni hataiona asubuhi. Mama yangu mzazi alibaki Rumonge, chini ya udongo. Huyu ndiye mama niliyebakiwa naye. Dada, nifanye nini?

Wako,
Révérienne

*

Buzebazeba
26 Oktoba 1997

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako mara mbili na mara zote mbili nimekasirika, si kwako, kwa hayo maneno ya foleni. Dawa haifungi uzazi. Ingekuwa inafunga, rafiki yangu Sia wa Moshi mjini, anayekunywa maji ya klorini tangu azaliwe, asingekuwa na watoto saba wanaoning'inia dirishani.

Sasa sikiliza. Usimwombe tena mkweo. Mtilie tu.

Usishtuke. Tulipokuwa wadogo kule Same mama yetu alikuwa anaponda klorokwini anatufichia ndani ya ndizi mbivu. Tulikula ndizi, homa ikakimbia, na hakuna aliyemwita mama mchawi. Mzee akishakuwa mkaidi anakuwa mtoto, na mtoto huwa haulizwi kama anataka kupona.

Fanya hivi. Teka maji kabla hakujapambazuka. Yachuje kwa khanga kuukuu uliyoifua, uikunje mara nyingi, maana maji yenye tope hula dawa yote na vijidudu vikabaki vinakucheka. Kwenye ndoo ya lita ishirini tia kifuniko kimoja cha hii chupa ninayokutumia, koroga, funika, ungoje nusu saa kamili. Usiitie ndani ya mtungi wenyewe, udongo unaichosha dawa upesi. Itie kwenye ndoo, kisha ndipo ujaze mtungi. Kuhusu harufu, yakishakaa nusu saa yamimine kutoka ndoo hii kwenda ile mara nne au tano. Hewa inaichukua harufu, inabaki kidogo sana. Hatajua.

Chupa nimeibandua karatasi yake, ili hata akiiona asitambue ni nini. Feliksi atakupa imefungwa ndani ya kitambaa. Usinishukuru, nishukuru ukiniletea habari kwamba mama amenenepa.

Mimi huku naendelea kuchemsha ya kwangu kama kawaida. Kinga ni bora kuliko tiba, na mwalimu asiyefuata somo lake ni wa kuchapwa.

Asnath

*

Kambini
5 Novemba 1997

Dada Asnath,

Nimefanya kama ulivyosema. Leo ni siku ya tano.

Sindayigaya hayupo, amepata kibarua cha kulima huko vijijini, atakaa wiki tatu. Tuko mimi na mabukwe tu. Kila alfajiri natia dawa nyuma ya nyumba nikiwa nimechuchumaa. Kisha najaza mtungi. Akiamka anachota kata moja, anaishika muda mrefu, ananitazama. Halafu anakunywa.

Zamani asubuhi alikuwa ananisimulia ndoto zake. Siku hizi hasimulii. Mimi nami nikimtazama usoni nashindwa, nainama nafagia mahali ambapo nimeshafagia.

Ugonjwa umeingia kijijini kwetu, nyumba ya nne kutoka kwetu. Kwa hiyo naendelea.

Dada, kuna jambo la kwetu ambalo labda ningekueleza kabla, lakini wewe ni mtu uliyesoma na nilidhani unajua zaidi. Labda si kitu. Mwandiko wako wa barua ya juzi umelegea, unaumwa?

Révérienne

*

Buzebazeba
11 Novemba 1997

Mdogo wangu,

Hongera! Hongera tena! Barua yako nimeipiga busu. Mama akinyamaza ni kwamba maji yamemkalia vizuri, hana la kulalamikia. Vumilia, kidogo kidogo hujaza kibaba, na ukifika mwezi utamwambia mwenyewe mkacheka wote.

Macho yako makali. Nilikuwa na malaria kidogo, imekwisha. Nimerudi kazini, ila miguu bado inaniomba ruhusa.

Hilo jambo la kwenu ni jambo gani? Niandikie, usinifiche.

Asnath

*

Buzebazeba
23 Novemba 1997

Révérienne,

Feliksi amekwenda na kurudi mara tatu, na mara zote anasema bombani yupo mwanamke mwingine. Aliuliza, watu wakatazama pembeni. Je, unaumwa? Je, mama amepatwa? Niandikie hata neno moja. Nimeshindwa kula.

Asnath

*

Kambini, Kasulu
25 Novemba 1997

Kwa Dada Asnath Mbwambo,

Salamu. Mimi ni Sindayigaya, mume wa Révérienne. Naandika kwa sababu nimezikuta barua zako, na kwa sababu yeye amekataa kukutaja.

Tarehe kumi mwezi huu alfajiri, jirani yetu Marcelina alikuja kuomba kaa la moto. Akamkuta mke wangu nyuma ya nyumba, amechuchumaa gizani, anamimina kitu kutoka kwenye chupa ndogo isiyo na karatasi, anaificha ndani ya kitambaa. Alimwuliza maji hayo ni ya nani. Mke wangu hajui kusema uongo, akajibu, "Ya mabukwe." Marcelina akapiga kelele. Watu walipofika chupa iliyofungwa kitambaa ilikuwa bado mkononi.

Dada, mimi nimesoma mpaka darasa la nane, najua ile ni dawa ya maji. Niliporudi kutoka kibaruani niliinusa nikaitambua. Lakini ngoja nikueleze lisilokuwamo kwenye masomo yako. Kwetu anayempa mtu kinywaji hukionja yeye kwanza, mbele ya mgeni wake, ndipo humpa. Iwe pombe, iwe maziwa, iwe maji. Hakuna asiyejua hili, hata mtoto. Na mtu anayetia kitu kwa siri kwenye kinywaji cha mwenzake, hata angekuwa ametia asali, jina lake ni moja tu, umurozi, mtia sumu. Watu wamefukuzwa milimani kwetu kwa jina hilo, na wengine wameuawa.

Wazee tunaowaita abashingantahe walikaa. Révérienne aliomba anywe mtungi wote mbele yao. Walimwambia kunywa leo hakusaidii, angekunywa siku ya kwanza. Wakamwuliza aliyempa chupa, akanyamaza. Kazi ya bombani ameondolewa, maana nani atakubali amtilie kitu kwenye ndoo? Sasa watu wengi wanamwaga dawa, wanakwenda kijitoni, na hema la wagonjwa limejaa.

Wazee wakamgeukia mama yangu: anamsamehe, au anamfukuza? Mama hakusema neno. Wakamwuliza mara tatu. Basi wakaamua Révérienne akae kwa mjane Verediana, ng'ambo ya uwanja, mpaka mama atakapofungua kinywa. Hajafungua mpaka leo. Mimi nampelekea mke wangu unga jioni kama mtu anayetembelea jela.

Sisemi wewe ni mtu mbaya. Nasema hukutujua. Chupa yako nakurudishia kwa mkono wa Feliksi.

Sindayigaya

*

Buzebazeba
30 Novemba 1997

Kwa Mama Ndayikunda, mama yake Sindayigaya
(Namwomba Sindayigaya akusomee, asiruke kitu)

Shikamoo Mama,

Hunijui. Mimi ndiye niliyempa Révérienne ile chupa. Mimi ndiye niliyemwambia asikuulize, mimi ndiye niliyemfundisha kuipunguza harufu ili usijue, na karatasi ya chupa niliibandua kwa kucha zangu. Yeye hakuwa na wazo hilo. Aliniandikia akilia kwamba unakunywa maji ya kijito na ugonjwa umekaribia, na kwamba akikupoteza hana mama mwingine. Barua yake ninayo. Nikamjibu kwa haraka na kwa kujifanya mjanja, kama watu wa ofisini tunavyowajibu watu wa mbali.

Mwaka jana pale Bangwe nilimpa maji kikombeni, naye akakataa kunywa mpaka nilipokunywa mimi. Mwaka mzima nimewasimulia watu kwamba ilikuwa adabu. Kumbe alikuwa anangoja nimwonyeshe kwamba simuui. Mwanao amenieleza desturi yenu juzi tu, na tangu hapo nikifumba macho naliona lile jicho lake. Nilifundishwa ufukweni na sikuelewa.

Mama, kuna uongo mwingine. Nilimwandikia kwamba mimi kwangu nachemsha. Sichemshi. Kila jioni nikitoka kazini, Bibi Veneranda mwenye nyumba wangu ananipokea na kikombe cha maji ya ziwa mabichi, baridi, ni ukarimu wake kwa mpangaji aliyetoka mbali. Mimi kutwa nzima nimehesabu madoa ya maji ya ziwa hilo hilo. Napokea kwa mikono miwili, nakunywa, nasema asante, kwa sababu kukataa ni kumtukana. Ile malaria niliyomwandikia mkweo haikuwa malaria. Ilikuwa tumbo. Nililala hospitali siku mbili nimetundikiwa chupa za maji, na nilipotoka Bibi Veneranda alinipokea na kikombe, nikanywa tena.

Kwa hiyo tazama nilivyo. Nilimtuma mkweo akafanye gizani jambo ambalo mimi siwezi kulifanya mchana mbele ya mwenye nyumba wangu. Mganga hajigangi, lakini angalau asimtume mtoto wa mwenzake.

Nakuomba umrudishe nyumbani. Ukitaka mtu wa kumkasirikia, nipo. Nimeomba ruhusa kazini nije nisimame mbele ya wazee wenu, nimeambiwa ningoje mvua zipungue, barabara imekatika. Barua hii Feliksi ataipitisha anavyojua yeye. Naomba isitanguliwe na habari mbaya.

Nisamehe, Mama.
Asnath Mbwambo

*

Kambini
13 Desemba 1997

Asnath,

Marahaba.

Anayeandika ni Révérienne, anayesema ni mimi, mabukwe wake. Nimekuja mwenyewe hapa kwa Verediana, nimeketi juu ya ndoo waliyoipindua, nimemwambia ashike kalamu aandike kila neno, na yale asiyoyapenda pia, wala asinitengenezee Kiswahili changu. Kiswahili nilikipata Ujiji, mwaka sabini na mbili, nilipovuka ziwa mara ya kwanza na Sindayigaya mgongoni. Bado kinatosha.

Mwanangu alinisomea barua yako. Akaniuliza nasema nini, nikamwambia nitawajibu wanawake, wewe nenda kalime.

Unasema nilidanganywa. Hapana. Nilijua siku ya kwanza. Mtu amekunywa kwenye mtungi mmoja tangu wajukuu wa wenzake hawajazaliwa, halafu maji yabadilike asijue? Ila kwa ule ujanja wenu wa kumimina huku na huku mliiharibu harufu, sikuweza kutambua kama ni ile dawa ya bombani au ni kitu kingine. Nilijua mambo mawili tu. Maji yametiwa kitu, na mkwe wangu hanitazami usoni.

Wifi yangu alikufa kwa kikombe, nikiwa bibi harusi. Ndivyo walivyosema. Kwa hiyo nilipoishika kata siku ile sikuishika kwa mchezo. Nikafikiri. Nikiyamwaga, watu watauliza kwa nini, na huyu mtoto watamfanya nini? Nikisema, watamfukuza, na hana kwao. Nikafikiri tena, kama kweli ameniwekea kifo, basi ni mimi niliyemchosha kwa neno langu la mjukuu, kila siku mjukuu, mjukuu. Na nikikimbia nakwenda wapi? Nimeshakimbia mara mbili. Miguu ya mara ya tatu sina.

Nikanywa.

Kesho yake nikanywa tena. Siku tisa. Kila asubuhi nikifumbua macho nasema, Imana, Mungu wangu, kumbe bado nipo. Na tumbo langu, ambalo tangu Rumonge halijanipa nafasi, siku zile tisa lilitulia. Nikasema kifo hiki kina mapenzi, kinaninenepesha kwanza.

Ameacha kuandika. Nimemwambia afute macho aendelee, karatasi si zake, ni za Verediana.

Unauliza, na mwanangu anauliza, na wazee waliuliza mara tatu, kwa nini nilinyamaza. Ningesema nini? Ningesema nilijua, wangeuliza mbona ulikunywa. Jibu lake ni kwamba nilimpenda huyu mtoto kuliko nilivyoogopa kufa, na neno kama hilo mtu halisemi mbele ya wanaume sita wanaokohoa. Nilikuwa nangoja aje aniambie mwenyewe. Kumbe na yeye alikuwa anangoja nimwite. Uwanja wenyewe una hatua arobaini. Tumengojeana mwezi mzima.

Marcelina aliyepiga kelele amebebwa hema la wagonjwa wiki iliyopita. Amerudi, ni mzima, amekwisha kama ukuti. Jana alikuja kwangu kuuliza ile chupa iko wapi.

Basi nimeamua. Leo narudi na mkwe wangu nyumbani. Atatia dawa mchana, mlango wazi, Marcelina akiwapo na yeyote anayetaka kutazama, kisha ataonja kwanza. Nimewaambia wazee, wamekubali, na Jumatatu anarudi bombani. Nako bombani ataweka kikombe, na kila anayetilia shaka ataonjewa mbele ya macho yake. Atakunywa maji mengi huyu, lakini kazi ni yake. Kuhusu mjukuu, akija atakuja. Mimi mwenyewe nilikaa miaka mitano bila mtoto, na nilikuwa nakunywa maji ya ziwa yasiyo na dawa wala chumvi.

Nawe mwenye visahani, nina la kukuagiza. Huyo Veneranda anakupa maji kwa sababu anakupenda, na wewe unayanywa kwa sababu unamheshimu, na mtazikana hivyo hivyo kwa adabu. Tengeneza maji yako. Nenda nayo kwake mchana, kaa chini, onja mbele yake, kisha mpe. Akikataa usibishane, onja tena. Sisi wazee hatukatai dawa. Tunakataa kufichwa.

Na ile chupa mwanangu aliyokurudishia, ilete. Safari hii usiibandue karatasi yake.

Mimi, Ndayikunda

Dada Asnath,

Nimeandika kila neno kama alivyosema. Nimengoja mpaka jioni nikuongezee haya, kisha Feliksi achukue.

Tumefika nyumbani. Kwa kuwa chupa haipo, nilikwenda kuomba dawa kidogo bombani kwa mwenzangu. Nilichuja, nikatia, nikafunika, mlango wazi. Nusu saa tulikaa, mabukwe, Sindayigaya, Marcelina na mimi. Halafu nikachota kata ili nionje kwanza, kama inavyopasa.

Kabla sijaonja, mabukwe akaipokea kata kutoka mkononi mwangu.

"Mimi nilishakuonjea siku tisa," akasema, akanywa.

Révérienne